Mzamishe Stelingi, Uso Wake Usizame

Sogea karibu nikuibie siri za mafundi. Umeandika filamu, na katikati ya hadithi stelingi anajitwika mtungi wa hewa mgongoni na kushuka kilindini. Vizuri sana. Ila ujue mapema kwamba mzamiaji halisi hatazamiki. Miwani imemfunika macho na pua, mpira umemjaa mdomoni, hasemi, hacheki, na kila akishusha pumzi mapovu yanaziba kile kilichobaki. Mtu aliyelipa kiingilio hakuja kutazama mapovu. Amekuja kumwona stelingi, na stelingi mwenyewe amekuja kuonekana. Basi chini ya maji danganya chochote utakacho, mradi uso uonekane.

Hatua ya kwanza: usiende baharini

Bahari ina mikondo, ina mawimbi, na haisikii amri ya mwongozaji. Tafuta bwawa. Steven Spielberg alipotaka kuongeza tukio moja la kushtua katika Jaws (1975), lile la mzamiaji anayekutana na kichwa cha maiti kwenye tundu la mashua, hakurudi baharini. Alikwenda kwenye bwawa la kuogelea la Verna Fields, mhariri wa filamu hiyo, wakalifunika kwa turubai na kumwaga maziwa ya unga majini.

Jaribu mwenyewe leo usiku. Jaza maji kwenye beseni jeusi, tia maziwa ya unga kiasi cha ncha ya kijiko, koroga, zima taa, kisha mulika tochi kutoka ubavuni. Utaona mwanga umelala majini kama fimbo nyeupe, na pale fimbo inapofifia, ukingo wa beseni hauuoni tena. Hapo umeshapata bahari yako. Maji safi yanaufichua ukuta wa bwawa mara moja. Maji yenye vumbi yanaumeza, na mtazamaji anajiongezea maili zilizosalia kwa akili yake mwenyewe. Waliotengeneza 47 Meters Down (2017) walitia brokoli zilizokatwakatwa kwenye bwawa la studio huko Basildon, Uingereza, zikaelea kama taka za baharini. Mchicha nao utafaa, ukikatwa mdogo kabisa.

Hatua ya pili: ikibidi, acha hata maji

Katika For Your Eyes Only (1981), Carole Bouquet alikuwa na matatizo ya sainasi yaliyomzuia kuigiza chini ya maji. Hawakumfukuza. Yeye na Roger Moore waliwekwa kwenye studio kavu, nywele zikapeperushwa kwa upepo wa mashine, kamera ikapiga kwa mwendo wa kuwafanya waonekane polepole, na mapovu yakaongezwa baadaye. Ukifuata njia hii, chunga nywele. Majini nywele huelea, hupanda, husita, kisha hushuka zikimfuata mwenye kichwa. Ukizidisha feni zitalala upande mmoja, na stelingi wako ataonekana kama mtu aliyepakiwa nyuma ya bodaboda.

Hatua ya tatu: utie uso taa

James Cameron alipotengeneza The Abyss (1989) aliwatumbukiza waigizaji kwenye maji kwelikweli, ndani ya mtambo wa nyuklia ambao haukumalizika kujengwa huko Gaffney, South Carolina. Tangi kubwa lilimeza lita zaidi ya milioni 28, na juu yake zikaelea shanga nyeusi za plastiki ili kuzuia mwanga wa jua. Lakini mimi navutiwa zaidi na kofia walizovaa wazamiaji wake: kioo kipana, na taa ndani inayommulika mvaaji. Mzamiaji wa kweli angeikataa taa hiyo, maana kioo kingekuwa kama dirisha la nyumba usiku: walio nje wanamwona vizuri, yeye anaona sura yake tu. Wewe iwashe. Bila taa hiyo una kofia inayoongea.

Na kama fedha za kofia huna, mwache stelingi na mpira wake mdomoni, kisha mrekodi nchi kavu akisimulia anachokiwaza. Lloyd Bridges alifanya hivyo katika tamthilia ya televisheni Sea Hunt kuanzia 1958 hadi 1961, vipindi 155, na watu hawakuchoka kumsikiliza.

Hatua ya nne: papa akiwa mdogo, mpunguze mtu

Papa wa bandia wa Jaws alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 7. Papa hai waliorekodiwa na Ron na Valerie Taylor huko Australia hawakufika hapo. Basi watengenezaji wa filamu wakaunda kizimba kidogo cha mzamiaji, wakamtia mtu mfupi, na papa akakua mbele ya macho ya kila mtu. Kisha siku moja papa akanaswa kwenye nyaya za kizimba kitupu, akakivurugavuruga vibaya. Picha ilikuwa nzuri kupita kiasi, ila ndani hamkuwa na mtu. Walifanya nini? Walibadili hadithi: Hooper, mhusika aliyepangwa kufa ndani ya kizimba hicho, akaponyoka na kujificha chini. Nawe ukipata bahati kama hiyo, chana ukurasa wako.

Hatua ya tano: hewa usiidanganye

Hapa nakusihi uwe mkweli, kwa sababu ukweli unatisha zaidi. Mtungi wa lita 12 ulioshindiliwa hadi bari 200 unabeba kama lita 2,400 za hewa. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu ana saa mbili. Mshushe mita 30, shinikizo linakuwa mara nne, na hewa ile ile inampa nusu saa. Mtie hofu aanze kuhema, na hata hiyo nusu saa haipati. Hapo hata muziki wa kutisha huuhitaji. Mwonyeshe mshale wa geji, kisha uso, kisha mshale. Wala usiandike “oksijeni inaisha”. Mtungini mna hewa hii hii tunayovuta. Oksijeni tupu, mtu akipita mita 6 hivi, inaweza kumtia degedege.

Ukitaka kifaa cha ajabu, kiwe kidogo na usikieleze. Kile kijipumulio cha mdomoni cha James Bond katika Thunderball (1965) kiliaminika mno. Peter Lamont, aliyekuwa kwenye timu ya wabunifu, alisimulia kwamba jeshi la Uingereza lilimpigia simu kuuliza mtu anaweza kukaa nacho chini muda gani. Akajibu: kwa kadiri utakavyoweza kubana pumzi.

Vita vya majini vya filamu hiyo viliongozwa na Ricou Browning. Miaka 11 kabla, yeye ndiye aliyeogelea ndani ya vazi la zimwi katika Creature from the Black Lagoon. Zimwi halitoi mapovu, kwa hiyo hakubeba mtungi. Alibana pumzi, akaigiza, kisha akaenda pembeni kunyonya hewa kwenye mpira. Basi kabla ya kuita “kamera”, chungulia nje kidogo ya ukingo wa picha. Hakikisha yupo mtu aliyeshika mpira wa hewa, karibu kiasi cha mkono kufika, na kwamba stelingi ameshafundishwa kutoa pumzi polepole njia nzima anapopanda juu.