Betri Inayoogopa Mlima

Jana jioni, kwenye mlima wa Kimara, mzee mmoja mwenye magunia mawili ya mkaa alinipita. Sote tulikuwa tunasukuma baiskeli. Yake ina mkaa, yangu ina mota ya umeme.

"Shikamoo," nikamwambia kwa pumzi iliyobaki.

"Marahaba. Pole, mwanangu. Imeharibika?"

Konda wa daladala akanijibia kutoka mlangoni: "Braza, ichomeke kwenye nguzo!"

Haijaharibika. Ingekuwa imeharibika ningepumzika. Tambarare inakwenda vizuri, inazimikia mlimani tu, mbele ya watu.

Ndani ya betri ya volti 36 kuna vibetri vinavyofanana na vya rimoti ila vinene zaidi, vimefungwa safu 10. Kila safu ina volti 3.6, zikipanga foleni ndiyo hiyo 36, na ikijaa hufika 42. Juu yake kuna kibao cha saketi, kikali kama mlinzi wa geti, kinachokagua safu moja moja. Tambarare mota inakunywa umeme kidogo, kila safu inapumua. Mlimani inavuta kwa nguvu, volti za safu zote zinashuka kwa mpigo, na iliyo dhaifu inazama chini ya mpaka. Kibao hakijali kwamba nyingine tisa zina umeme tele: kinakata wote. Ukisimama, ile dhaifu inajikongoja kupanda, mita inaonyesha betri imejaa. Ndiyo maana nilipoijaribu dukani haikuzimika hata mara moja. Duka liko tambarare.

Halafu mota yenyewe ipo ndani ya habu, haina gia. Sumaku zimezunguka ukingo, koili za shaba zimeviringishwa kwenye chuma katikati. Umeme ukikatika sumaku haziendi likizo. Zinaendelea kung'ang'ania kile chuma, na wewe unasukuma baiskeli ya Phoenix, ambayo tangu zamani si nyepesi, huku gurudumu likikuvuta nyuma.

Fundi alipoifungua betri, safu moja ilikuwa na rangi yake, na mabaki ya gundi ya betri ya kompyuta ya zamani. Muuzaji, aliyeniapia kuwa ni mpya kutoka kiwandani, akasema umeme wa nyumbani kwangu ndio mbovu. Hapo sikucheka. Safu ile haikujiingiza humo. Mtu alikaa, akaiunga kwa utulivu, akaifunika nailoni ya bluu, akapanga bei ya mpya. Na betri ya namna hiyo watu wanaichaji usiku, chumbani, watoto wamelala. Lithiamu iliyochakaa huweza kuwaka.

Suruali iliyoliwa na cheni, na mvua iliyoingia kwenye swichi, tuyaache.

Kiti, lakini, ni cha raha: kipana, kina springi. Nakikalia sana nikisubiri safu ipumue.

Muuzaji amesema betri iliyokwisha funguliwa hairudishwi, ila kwa sababu mimi ni mteja wake, atanifungia honi bure. Honi yenyewe inatumia betri.