Matatizo ya Mtazamaji wa Picha na Tiba Zake

Maoni juu ya picha ni kauli ya mtu kuhusu alichokiona, na uzito wake hutegemea mambo matatu: ni picha gani, aliionea wapi na aliitazama hadi wapi. Mtazamaji wa kawaida, yaani yule anayelipa kiingilio badala ya kulipwa, hutaja la kwanza na kuyaacha mawili. Karibu barua zote zilizofika kutoka Tura na stesheni jirani za Reli ya Kati zinatokana na hayo mawili yaliyoachwa. Zinajibiwa hapa moja baada ya nyingine.

Picha iliyotafsiriwa. "Mpenda Mapigano" wa Tura aliisifu picha ya Kichina aliyoitazama kwenye kibanda cha video, akaapa kwamba hajapata kucheka vile. Binamu yake wa Tabora mjini akamtilia picha hiyohiyo kwenye flashi, isiyo na tafsiri. Hakucheka hata mara moja, na sasa anauliza kama flashi ina virusi.

Flashi ni nzima. Kilichomchekesha ni DJ. Mtafsiri wa picha hupunguza sauti ya wahusika na kuingiza yake. Humpa adui jina la mtaani, husema mawazo ya steringi (mhusika mkuu), na pale wahusika wanaponyamaza hutunga. Dar es Salaam, mmoja wa watangulizi wa kazi hii alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Kenya ina DJ Afro, na Uganda inao mafundi wanaoitwa VJ, wanaotafsiri kwa Kiganda. Desturi ya kumsimulia mtazamaji ni ya zamani zaidi. Mradi wa enzi ya ukoloni uliokuwa Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, ulipeleka sinema vijijini kwa lori, maelezo yakipigwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali. Aliyetazama picha ya kutafsiriwa, basi, ametazama kazi ya mafundi wawili. Mwandishi wa barua anashauriwa kuwataja wote wawili: picha ni ya kawaida, DJ ndiye kaibeba.

Kifo cha steringi. "Mwenye Kinyongo" wa Goweko anadai arudishiwe kiingilio kwa sababu steringi alikufa.

Kanuni ya vibandani inajulikana: steringi hafi. Adui ndiye anayekufa, tena mwishoni kabisa, akiwa ameshamuua rafiki wa steringi. Kanuni hiyo lakini haina sahihi ya mtengenezaji picha yeyote. Katika *Sholay* ya mwaka 1975, Jai anayeigizwa na Amitabh Bachchan hufa, na picha hiyo ni miongoni mwa zilizopendwa kuliko zote India. Katika *Titanic* ya 1997, Jack huzama. Mdai anashauriwa kutenganisha kauli mbili anazozichanganya: "picha mbaya" na "picha imeniumiza". Ya pili, ikipimwa vizuri, ni sifa. Kiingilio hakirudi.

Sehemu ya pili. "Bado Nasubiri" wa Igalula alitazama sehemu ya kwanza ya Bongo muvi moja. Mwenye kibanda hakuileta ya pili. Anauliza kama anaruhusiwa kutoa maoni.

Ugonjwa huu una historia. Bongo muvi zilishika kasi baada ya *Girlfriend* ya George Tyson, mwaka 2003, na soko lake likawa la kanda na diski za kupeleka nyumbani, si la majumba ya sinema. Nyota kama Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga aliyefariki 7 Aprili 2012, walifahamika sebuleni na kibandani. Kwa kuwa pesa ilitokana na idadi ya diski, hadithi moja ikakatwa mara mbili, na mahali pa kukata pakachaguliwa kwa makusudi: mlango unafunguliwa, mama anashika mdomo, majina yanaanza kupanda. Aliyeishia hapo anaweza kusema juu ya uigizaji, sauti na mavazi. Hawezi kusema juu ya haki, kwa maana bado haijatendeka. Maoni ya nusu ni halali yakitangazwa kuwa ya nusu.

Picha na wakwe. "Mkwe Mwenye Adabu" alimkaribisha baba mkwe sebuleni wakati sizoni ya Kikorea inaendelea. Wapenzi wakasogeleana. Sebule nzima ikaanza kuhesabu mabati. Baba mkwe alipoondoka alisema picha ilikuwa nzuri, na familia haijalala ikitafuta alimaanisha nini.

Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa kukagua picha, na Bodi ya Filamu huzipanga kwa umri wa watazamaji. Daraja la wakwe halimo. Pengo hilo huzibwa nyumbani: picha hutazamwa kwanza na vijana, rimoti hushikwa na mwenye kidole chepesi, na mtu mmoja hubaki tayari kuuliza kama mbuzi wamefungwa. Maoni ya baba mkwe hupokelewa kama yalivyotamkwa na hayachunguzwi.

Picha inayopita mlangoni. "Mwenyeji" wa Tura amekasirishwa na *Mountains of the Moon*, picha ya Bob Rafelson ya mwaka 1990 kuhusu safari ya wapelelezi Richard Burton na John Speke. Anasema njia hiyo ilipita kwao, lakini miombo yao hakuiona.

Njia ilipita kwao kweli. Misafara kutoka pwani ilikuwa ikivuka Mgunda Mkali, pori lenye shida ya maji, na Tura ndiyo iliyokuwa makazi ya kwanza ya Unyamwezi baada ya pori hilo. Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Miombo haionekani kwa sababu picha ilipigwa Kenya na Uingereza. Lawama hiyo ni sahihi ila ni nyepesi. Nzito zaidi ni kwamba kamera imeganda kwa Waingereza wawili na ugomvi wao, ilhali mizigo ilikuwa mabegani mwa wapagazi. Mwongoza misafara Sidi Mubarak Bombay alisafiri na Burton na Speke, akarudi na Speke na Grant, kisha akaenda na wapelelezi wengine, Stanley na baadaye Cameron. Maisha hayo yanatosha picha nzima. Mwenyeji anashauriwa kuanza na Bombay, kisha amalizie na miti.

Kitabu na picha. Mwalimu mmoja analalamika kwamba *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwanza Toronto mwaka 2021, imeacha mengi ya riwaya ya Adam Shafi. Ni kweli, na haiepukiki: riwaya husomwa kwa siku kadhaa, picha huisha kwa muda wa kupika maharage. Alinganishe kilichobaki, si kilichoachwa.

Aliyelala. Barua ya mwisho ni ya mtu aliyesinzia katikati na kuamshwa na makofi. Anaruhusiwa kusema juu ya mwanzo, juu ya mwisho na juu ya benchi. Katikati atamwachia jirani yake, mradi jirani naye hakusinzia.