Shemeji na Samaki wa Kurudishwa

Shemeji yangu, ambaye tangu ahamie Alabama amejihesabu katika zumra ya mabingwa wa uvuvi, alinishawishi tushirikiane, kwenye ziwa la Guntersville, katika mashindano ya kuvua besi, samaki mwenye kinywa kipana, ingawa kwa tajriba yangu hakikishindi cha shemeji mwenyewe. Kanuni yao ni ajabu: kila chombo hupimiwa samaki watano tu, wote wakitakiwa kuwa hai, na afaye mikononi mwako hukukatia uzani, kisha walio hai hurejeshwa majini wakastarehe. Mimi niliyelelewa Pwani, ambako samaki akishafika nchi kavu maskani yake ni chungu, niliridhia kwa shingo upande.

Basi tangu alfajiri shemeji alirusha mnyoo wake wa plastiki, wenye thamani ya kitoweo cha siku mbili, huku akinihutubia juu ya halijoto ya maji na siri za samaki, hata ilipowadia adhuhuri tukawa na mmoja tu, niliyemnasa mimi, bila ya kukusudia, nilipokuwa nikiukwamua mshipi wa shemeji katika magugu. Kwenye mizani shemeji alimpakata samaki huyo kwa mikono miwili, akapigwa picha. Mimi nilimshikia kofia.