Mrithi wa Remmy Afika Mabira

Mwenye kibanda umiza cha hapa senta, Mabira, hakumjua Remmy Ongala. "Anacheza namba ngapi?" aliniuliza.

Nikamweleza kwamba Remmy ni marehemu tangu Desemba 2010, alikuwa mwanamuziki, na kwamba nimepata video ya binti yake, Aziza, akiziimba nyimbo za baba na bendi nzima nyuma yake. Akatikisa kichwa. Jumamosi ni ya mpira, hata msiba huku hupangwa kwa kuangalia ratiba ya ligi. Nikatoa turufu ya mwisho: je, Kally Ongala anamjua? Aliyecheza Sweden, akachezea Azam, baadaye akaja kuinoa? Naye ni mtoto wa Remmy. Uso ukamfunguka. Jioni ubao wa chaki ukasomeka: LEO DADA YAKE KALLY ONGALA, KISHA MECHI. KIINGILIO 500.

Vijana, basi, walimjua mtoto kwa miguu yake, wazee wakamjua baba kwa redio, na binti mwenyewe, ambaye ndiye anayehangaika na tamasha la Ongala huko Dar es Salaam ili jina la mzee lisipotee, hakuna aliyekuwa na habari naye.

Balozi wetu wa nyumba kumi alifika wa kwanza, koti limenyooshwa, punje za kahawa shavuni. Akachukua benchi la mbele na kuanza kuwasimulia watoto: Remmy kazaliwa 1947 Kindu, Kongo, kaingia Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy, halafu Matimila, halafu Ulaya na Wazungu wakicheza. Kwamba alizaliwa na meno tayari, ndiyo maana akaitwa Dokta, hiyo aliisimulia kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo akishika taa. Nyuma yake aliketi mama mkwe wake, aliyeletwa na wajukuu, na Balozi akawa anaongea bila kugeuza shingo kama heshima inavyotaka.

Flashi ikachomekwa. Yule fundi wa kurusha nyimbo niliyemlipa hakufuta mali ya mteja aliyetangulia, tukaanza na send-off ya watu wa Kayanga. Nilitaka kuruka mbele, rimoti haina betri. Wazee wakatulia, wakaangalia keki ikilishwa ukoo mmoja baada ya mwingine. "Huyu Remmy aliacha ndugu wengi, waitu," alisema mmoja kwa heshima kubwa, na mshereheshaji akapigiwa makofi.

Aziza alipotokea kwenye skrini, magitaa yakaanza kujibizana kwa ule mtindo wa Kikongo uliolelewa Sinza, na kibanda kikageuka kikao cha mirathi. Balozi alitaka kujua nani alimsimika. Mwingine akasema shamba la kahawa hapewi binti, lakini gitaa halina mipaka ya kugombania, kwa hiyo hilo tulizungumze taratibu. Mama muuza ndizi akauliza kaka yuko wapi. Yuko kwenye mpira. "Basi aliyeshika jembe ndiye mwenye shamba, tuacheni tusikilize!" Mzee wa pembeni akapinga kwamba sauti siyo ya baba. Hapo nilishindwa kunyamaza. Ingekuwa ya baba tungemkimbiza binti wa watu kwa mganga! Sauti ya Remmy ipo kwenye kanda, na kituo cha daladala pale Sinza bado kinaitwa kwa Remmy. Kanda haiwezi kukutazama machoni ikakuuliza umechangia nini. Aziza anaweza, na ndiyo maana wazee walikuwa wanamhoji yeye na siyo redio.

Huko nje vijana walikuwa wameanza kupiga mabati: mechi imeanza! Mwenye kibanda akatoa simu yake, akawaonyesha kupitia upenyo wa mlango: bado saa nzima. Wilaya yetu ya Kyerwa inapakana na Rwanda, na ukisimama palipoinuka simu hujihamia yenyewe kwenye mtandao wa jirani, ikajirekebishia na saa. Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja. Wazee waliiafiki saa ya Kigali kwa kauli moja. Saa ya mwenye nyumba ndiyo saa, alitamka Balozi, na mlango ukakomewa.

Onyesho likaisha, flashi ikaendelea yenyewe na nyimbo za zamani. Ikafika *Mambo kwa Soksi*, ule wimbo wa kondomu ambao Redio Tanzania iligoma kuupiga, ukatembea kwa kanda. Huku hatukuuchukulia kuwa mzaha. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera hii hii, mwaka 1983, na kila aliyekaa kwenye mabenchi yale alikuwa na kaburi analolijua. Lakini mkwe ni mkwe. Balozi aliruka kutafuta waya wa kuchomoa, akajikwaa kwenye spika, koti likanasa kwenye msumari, na rimoti, kama nilivyosema, haina betri.

Bibi akamgusa mjukuu begani. "Mwambie baba yako akae chini. Na huyo kijana arudishe nyuma kidogo, hapo kwenye soksi sikusikia vizuri."