Sababu sita za mvuvi kung'ang'ania chapa yake

Muulize mvuvi wa mshipi leo tarehe ngapi, atautazama mwezi. Muulize rili nzuri ni ipi, atakujibu kabla hujafunga mdomo. Mtu huyo akishaishika chapa, humwondoi. Nawapenda watu wa namna hii, nami ni mwenzao, basi tuhesabu sababu zetu, kutoka ndogo hadi mama yao.

6. Namba zimekaa kichwani
Mustad ya Norway inatengeneza ndoana tangu 1877, na aliyeizoea anazijua namba zake kama za simu ya nyumbani. Mwanzo namba ikipungua ndoana inakua: 12 ni ya visamaki vya chambo, 6 ni kubwa zaidi, mpaka unafika 1. Hapo hesabu inageuka: 1/0, 2/0, hadi 7/0 ya kumngoja nguru. Tatizo ni kwamba viwanda havina kipimo kimoja; 7/0 ya huyu yaweza kuwa ndogo kuliko ya yule.
Kuhama chapa ni kurudi darasa la kwanza ukiwa na mvi.

5. Sikio limeshazoea
Otto Henze, mhamiaji kutoka Ujerumani, alianzisha kiwanda cha rili cha Penn mjini Philadelphia mwaka 1932. Rili kubwa za kurambaza zina kidude cha kulia: samaki akivuta mshipi, krrrrr! Injini inanguruma, nahodha anapiga soga, mvuvi amesinzia kwenye kivuli. Krrrrr moja, mtu kasimama wima na fimbo mkononi. Mpe rili ya mlio mwingine, atadhani ni nati ya injini imelegea.
Simu huita mara tatu ndipo ipokelewe. Rili huitikiwa mara ya kwanza.

4. Inafunguka, inafungika
Chumvi haina huruma. Rili inayopendwa ni ile ambayo fundi anaifungua, anaisafisha, anaitia grisi, anabadilisha kipuri, na kesho iko baharini. Shimano walianza mjini Sakai, Japani, mwaka 1921, wakitengeneza vipuri vya baiskeli. Rili zikafuata 1970. Ni watu waliokwisha kuzoea vyuma vyenye meno vinavyotakiwa kuzunguka bila kugoma.
Baiskeli ikigoma utaikokota. Rili ikigoma na jodari yuko upande wa pili, utamkokota nani?

3. Ina hadithi ya kusimulia
Hapa chapa ya Rapala, ya chambo bandia, haina mpinzani. Lauri Rapala alikuwa mvuvi wa Finland, maskini mwenye jicho kali. Akiwa ziwani aliona samaki mkubwa akilipita kundi zima la wadogo na kumrukia yule mmoja anayeyumba. Mwaka 1936 akachonga kisamaki cha kizibo, akakivika karatasi ya kung'aa ya chokoleti. Vanishi hakuwa na fedha ya kununua, kwa hiyo akayeyusha filamu za picha, akakipaka. Kikaogelea kwa kuyumba vilevile. Mwaka 1962 jarida la Life la Marekani likakiandika katika toleo lililokuwa na habari za Marilyn Monroe, aliyekuwa amefariki muda mfupi kabla. Toleo likasomwa kila kona, na oda zikafurika.
Chema chajiuza, ila kikipata msimulizi hakilali dukani.

2. Samaki mmoja mkubwa
Asubuhi moja ya kaskazi, katika mkondo wa Pemba, nguru alinivutia mshipi mpaka nikaliona bomba la rili linang'aa kwa chini. Nikamrudisha kidogo kidogo, dole gumba limelowa, mgongo unawaka. Fundo lilikuwa zuri, waya mzima, na nahodha aligeuza boti kwa wakati wake. Lakini tulipofika ufukweni, sifa zote zilikwenda kwa rili, na mpaka leo siibadilishi. Kinyume chake kipo pia: ndoana ya chapa nyingine ilininyookea kama sindano mbele ya kolekole, nami sijainunua tena.
Samaki aliyeponyoka hapimwi, lakini kinyongo chake kina kilo.

1. Mkono uliokupa ya kwanza
Mjomba wangu aliweka ndoana zake kwenye kopo la maziwa ya unga, ndani ya kitambaa chenye mafuta ya nazi zisipate kutu. Siku aliyonipa ya kwanza, aliiweka ncha juu ya ukucha wa dole gumba lake na kuivuta taratibu. Ncha butu huteleza. Ile ilishika na kuacha mkwaruzo mweupe. "Mjomba, hii ndiyo ndoana," akaniambia, akanifungia yeye mwenyewe kwenye mshipi. Miaka mingi baadaye ninaposimama dukani, naweza kutaja namba, mlio, vipuri na hadithi zote nilizozihesabu hapo juu, na zote ni za kweli. Lakini kabla sijalipa, naipitisha ncha kwenye ukucha, na ninayemwona ni mjomba.
Mpwa wangu ameanza kuniuliza habari za baharini. Kopo liko tayari, na kitambaa nimekitia mafuta. Kiwanda kitapata mteja wa miaka hamsini, na tangazo lake ni mkwaruzo mweupe juu ya ukucha.