Wasifu Wangu Umeanikwa Uani

Tangu Juni sina kazi, na tangu Juni sijapata kuwa na shughuli nyingi kama hizi. Mradi niliokuwa nikiutumikia hapa Busia ulifungwa, wakubwa wakapanda magari yao marefu wakarudi walikotoka, sisi wa mikataba tukaachiwa fulana zenye nembo na kalamu mbilimbili. Mtaani bado naitwa Afisa. Mama mboga ananiita Afisa huku akinipandishia bei ya sukumawiki, kwa sababu afisa haombi apunguziwe.

Nikaamua kutafuta kazi kwa mpango. Vijana wa Nairobi huiita shughuli hii kutarmac, maana unasaga lami mpaka soli inaisha. Lami ya kwetu ni ile inayokwenda mpakani, na imejaa malori pomoni. Ukiisaga kwa pupa itakusaga wewe. Kwa hiyo mimi nilianza kwa kuketi. Nilichukua daftari la mtoto lililobaki kurasa sita, nikaandika bajeti ya kutafuta kazi. Sikujua kwamba kazi hutafutwa kwa pesa. Siku zote nilidhani ni pesa inayotafutwa kwa kazi.

Sura ya Sita ya Katiba yetu ya 2010 inataka viongozi wawe waadilifu. Jambo zuri, nami nililipigia kura. Ila waajiri wameuteremsha uadilifu huo mpaka kwa karani wa stoo, na siku hizi unapimwa kwa karatasi tano. KRA iseme hudaiwi kodi. HELB iseme mkopo wa chuo umeulipa, au angalau unaulipa. EACC iwe na fomu yako uliyoapa mbele ya wakili kwamba wewe si fisadi, kana kwamba fisadi hawezi kuapa. DCI itoe cheti cha tabia njema. Kisha CRB ithibitishe kwamba huna deni lililooza.

Tabia njema ni shilingi 1,050. Hamsini ni za eCitizen, ile tovuti ya serikali. Elfu moja nadhani ndizo za tabia yenyewe. Fomu ya alama za vidole, ile C24, sharti ichapishwe kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Kijana wa saiba akanichapishia karatasi mbili, akazipiga pini, akaniambia, "Iko sawa, mkubwa." Nilipofika mbele ya foleni nikaonyeshwa mlango. Vidole kumi vya mtu mmoja haviwezi kukaa kwenye karatasi mbili. Huko ni kuhama hama.

Upande wa CRB ndiko nilikotaka kulia. Kumbe mwaka juzi nilikopa kwa simu pesa kidogo, nikasahau kulipa, jina likaandikwa. Nikalipa deni lile na riba yake. Nikatakiwa sasa kulipa 2,200 ili nipewe barua ya kusema nimelipa. Nikamuuliza binti mmoja wa saiba kama barua hiyo inaweza kukopwa kwa simu. Hakucheka. Kutwa anawaona watu kama mimi.

Kisha ukaja wasifukazi, au CV kama tunavyoita. Kurasa nne, maana nilipanua mambo. Nilichapisha nakala 40 kwa shilingi kumi ukurasa. Piga hesabu: 1,600. Nilipofika nyumbani nikaona nambari yangu ya simu imepungua tarakimu moja. Yaani nilikuwa nimejisifu kurasa nne, halafu nikazima simu. Nikachapisha nyingine ishirini zilizo sahihi, nikatoa nakala za vyeti vyangu, nikazipeleka kwa wakili akazipiga muhuri wa rangi ya zambarau, nikatia kila kitu kwenye bahasha ya kaki. Zile mbovu nikazisukuma chini ya kitanda. Na ile bahasha nayo, kwa kuwa nyumba yetu haina kabati, nikaisukuma huko huko.

Hapa ndipo mama watoto alipoingia.

Mama watoto na wenzake wa chama wanatengeneza shanga za karatasi. Ni ufundi uliotuvukia kutoka Uganda, na Kampala ndiko ulikovuma, hasa baada ya shirika la BeadforLife kuanzishwa 2004 na shanga hizo kuanza kuuzwa Marekani. Unachukua karatasi, unaikata pembetatu ndefu nyembamba, unaizungusha kwenye kijiti kuanzia upande mpana hadi ncha, unatia gundi, unachomoa kijiti. Ukitaka shanga ndefu, panua kitako cha pembetatu. Ukitaka nene, refusha mkia. Unazitunga kwenye uzi, unazipaka vanishi mara mbili tatu, unaanika. Zikikauka hata mvua haizitishi. Karatasi bora ni ya kalenda, ile nzito inayong'aa, na kila Januari chama kizima hupita madukani kuomba kalenda za mwaka uliokwisha, kama watoto wa Idi.

Sasa ilikuwa Agosti, kalenda zote bado ziko kazini.

"Baba," akaniambia, "hizo karatasi zilizo chini ya kitanda unazifugia nini?"

Nikamwambia ni CV mbovu.

"Si nitumie hizo? Tupunguze gharama. Wewe mwenyewe ulisema tubane matumizi."

Ni kweli nilisema. Mwanamume asiye na kazi hana haki ya kusema mambo mengi, lakini hilo la kubana matumizi huachiwa aseme, tena kwa sauti. Nikamruhusu. Nilichosahau ni kwamba kitu cha bure kina mikia mingi kuliko pweza. Karatasi bure, sawa. Gundi je? Mshipi wa nailoni, ule wa wavuvi wa Port Victoria, je? Na vibanio vya mwisho wa mkufu? Na vanishi, ambayo kopo dogo hapa Busia ni shilingi 950? Nikajumlisha nikaona hii sanaa ya bure inakula kuliko mtoto wa kidato cha tatu.

Jirani mmoja, hodari wa kutumia pesa za wenzake, akasema Tororo, ng'ambo ya mpaka, vanishi ni 750. Nikashika nia. Safari ile ile ningepeleka na barua ya kuomba kazi, maana nilikuwa nimesikia kuna ofisi huko inatafuta mtu wa ghala. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na mkataba wake unasema wafanyakazi watavuka mipaka kwa uhuru. Nikatia kwenye mkoba vyeti vyangu halisi na ile tabia njema mpya niliyoipata hatimaye, nikavaa viatu vya mahojiano, nikatoka.

Kuvuka, siwezi kulalamika. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe rasmi na marais Uhuru na Museveni Februari 2018, anayetoka Kenya huhudumiwa upande wa Uganda tu, maafisa wa nchi zote mbili wakiwa jengo moja. Kitambulisho cha taifa kinatosha. Mbele yangu alikuwa mama mmoja na magunia ya omena, ambazo hatua hamsini mbele zinabadilika jina kuwa mukene. Akajaziwa cheti chake cha asili ya bidhaa, kile chepesi cha wafanyabiashara wadogo, ambacho kwacho mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa umetoka ndani ya jumuiya na umo katika orodha, haulipi ushuru wa forodha. Karatasi moja. Nikaitazama kwa husuda. Dagaa wana cheti kimoja, mimi nina vitano na bado havijatosha.

Kwa wabadili fedha, shilingi zangu 1,500 zikageuka elfu arobaini na kitu za Uganda. Ni dakika tamu sana hiyo. Nilitembea mpaka stendi kifua mbele, mtu wa elfu arobaini, mpaka nilipoulizwa nauli.

Tororo inajulikana kwa mwamba. Unauona mbali kabla ya mji, umesimama peke yake kama jino la mwisho la mzee, na hata ukigeuka wapi unakuchungulia. Inajulikana pia kwa simenti. Viatu vyangu vya mahojiano vilipata rangi ya kijivu kabla sijafika dukani.

Mwenye duka akaniita ssebo kwa heshima zote, akaniwekea kopo mezani. Shilingi 25,000. Nikagawanya kwa 27 kichwani, nikapata 925 na kitu za Kenya. Nafuu ya takriban shilingi 25. Nikalalamika kwamba nimeambiwa huku ni rahisi.

"Ssebo," akasema kwa upole, akiligeuza kopo nione ubavuni, "hii inatoka kwenu Nairobi."

Ilikuwa imepita barabara niliyopita mimi, imepita mpaka niliopita mimi, nami nimeifuata kuirudisha nyumbani. Nikanunua. Ningefanyaje? Nauli ya kwenda na kurudi, bodaboda, na rolex moja, hiyo chapati ya mayai ya Uganda niliyokula kwa hasira, jumla shilingi 620. Hivyo ndivyo nilivyookoa 25.

Ofisi ya ghala sitaitaja. Mlinzi alinikagua, akazisoma karatasi zangu zote kwa makini kuliko mwajiri yeyote niliyewahi kukutana naye, kisha akauliza, "Barua ya LC One iko wapi?" Huko Uganda mwenyekiti wa kijiji sharti akutambue. Nikamweleza kwamba mimi si wa kijiji chochote huku, mimi ni wa Busia Kenya, na kwamba mkataba wa 2010 unasema hivi na hivi. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema nikishapata barua ya LC One nirudi.

Njiani nikawaza. Mpaka 1902 upande wetu ulikuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakaukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda, wakaupachika kwenye himaya ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya. Babu wa babu yangu alihama nchi akiwa amekaa mlangoni kwake, wala hakuulizwa LC wala CRB. Hata neno bodaboda lilizaliwa kwenye mipaka hii yetu, enzi za baiskeli, likavuka likaenda dunia nzima, na sijasikia likidaiwa kibali cha kazi.

Katika kuwaza huko kopo likalegea mfuniko ndani ya mkoba. Vyeti vya shule vilinusurika kwa kuwa viko kwenye plastiki. Kilichooga ni tabia njema. Iling'aa, ikakauka ikiwa ngumu kama gome, na hata sasa ukiimwagia chai haishiki. Sijui kama bado inakubalika kisheria, lakini mimi sijawahi kuona tabia imara kama ile.

Nilifika nyumbani jioni. Uani kulikuwa na kamba tatu za shanga, wanawake sita wamekaa mkekani, na kicheko kilichokatika ghafla waliponiona. Shanga zilikuwa nzuri, sitadanganya. Karatasi nyeupe yenye maandishi meusi ikizungushwa hutoa madoa madoa kama manyoya ya kanga, yule ndege. Nikasogea nione. Kwenye moja nikasoma "uzoefu wa mia". Kwenye nyingine, "nina uwezo wa kufa", na hapo pembetatu ilikuwa imekatika kabla ya "nya kazi".

Halafu nikaona za zambarau.

"Mama," nikasema, "hizi za zambarau umezitoa wapi?"

"Kwenye bahasha."

"Bahasha ya kaki?"

"Ulisema za chini ya kitanda. Si ilikuwa chini ya kitanda?"

Nikakaa mkekani. Mama mmoja wa chama akanisogezea chai. Ishirini sahihi, nakala za vyeti, mihuri ya wakili, vyote vimo kwenye mikufu. Hakuna aliyekosea hata nikimtafuta kwa tochi. Mwisho wa wiki walikwenda kuuza. Mkufu wa madoa ya kanga uliuzwa 300. Wenye shanga za zambarau uliuzwa 450, na wateja wakauliza kama ipo mingine. Mwaka huu nimeituma CV yangu sehemu kumi na saba bila kuambulia jibu, na sasa imechukuliwa yote kwa siku moja, wanunuzi wakigombania ukurasa wa wakili.

Chama kilinipa kazi ya kukata pembetatu, kuanzia saa tatu asubuhi, malipo ni chakula cha mchana. Katibu aliniuliza kama nina uzoefu. Nikamwonyesha shingo yake.

Basi, msomaji, ukiwa upande wa Busia, Malaba au Tororo, na mwaka ukaisha, usiichome kalenda yako. Tuletee. CV za zamani pia tunapokea, hata zenye nambari za simu pungufu. Ila zenye muhuri wa wakili ndizo tunazozihitaji zaidi.