Njia ya Mwongo Fupi

Kwa miaka yote niliyokaa na mke wangu hapa Misima, Handeni, mimi ndiye mtu wa hesabu nyumbani. Hakuna aliyewahi kuniomba ushahidi. Nilisema tu, jioni moja baada ya kula, kwamba nilipokuwa darasa la saba mwalimu wa hesabu hakuwa na cha kunisahihisha, na maneno hayo yakapokelewa kama yanavyopokelewa maneno ya wazee kuhusu mvua za zamani. Heshima hiyo niliitunza vizuri. Mwaka huu nimeipoteza kwa shilingi elfu tano.

Kitinda mimba wetu yuko darasa la saba. Mwenye mtoto wa darasa la saba hahitaji kalenda: kuna moko ya kata, moko ya wilaya, moko ya mkoa, kisha Septemba inaingia na mtihani wenyewe wa Baraza la Mitihani. Siku mbili, masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Masomo matano binti yangu anayamudu. La sita ni Hisabati, na hapo mama yake husema mtoto amefuata upande wa ukoo wangu, jambo ambalo nilikuwa nikilikanusha kwa sauti kubwa.

Nikapanda gari mpaka Korogwe. Kwenye stesheneri moja karibu na stendi, kijana akanichomolea kitini kilichobanwa kwa pini mbili: mitihani ya Hisabati ya miaka iliyopita, swali kwa swali, pamoja na njia zake.

"Mzee, mtoto akimaliza hiki ametoboa."

Sikuuliza atatoboa nini. Nililipa ile elfu tano, nikarudi nacho kwenye mfuko kama aliyebeba nyama.

Kitini kimepangwa hivi: juu swali, chini yake neno NJIA kwa herufi kubwa, halafu mistari minne mitano ya kazi, na mwisho "Jibu ni C". Nikamwamuru binti yangu asome maswali kumi kila siku. Siku ya tatu akaniambia amemaliza miaka mitano. Nikamsifu mbele ya mama yake, na mimi mwenyewe nikajisifu kidogo kwa kuchagua kitabu. Kisha, kwa kiherehere tu, nikakifunga kitini na kumpa swali alilolisoma muda si mrefu. Akatazama juu. Bati letu halijaandikwa kitu.

"Lakini Baba, nilikuwa naelewa."

"Ulikuwa unaelewa nini?"

"Alivyofanya."

Ugonjwa wenyewe ndio huo. Hata mimi naelewa sana fundi anavyopaua. Nilimtazama siku nzima akipaua nyumba hii, nimekaa kivulini na kikombe cha chai. Mwaka uliofuata nikapaua banda la kuku kwa mikono yangu, na mvua ya kwanza tu kuku walihamia jikoni kwa hiari yao.

"Lete hapa nikuonyeshe," nikasema. Sentensi hiyo ndiyo iliyoniponza.

Swali lilikuwa: 12 + 8 ÷ 4 × 3 − 5. Nikaliendea kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Kumi na mbili na nane, ishirini. Gawanya kwa nne, tano. Mara tatu, kumi na tano. Toa tano, kumi. Nikaangalia machaguo: A ilikuwa 10. Roho ikatulia.

"Siliba A."

"Baba, MAGAZIJUTO."

Mama yake akauliza kutoka jikoni huo ni ugonjwa gani tena. Binti akaeleza kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni choo: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Kwa hiyo unaanza na 8 ÷ 4, unapata 2; mara 3, unapata 6; 12 na 6 ni 18; toa 5, ni 13. Jibu ni C.

Kukosa si tatizo, binadamu hukosa. Kilichonikera ni kwamba kosa langu walikuwa wamekwisha kulichapa. Hiyo 10 ilikuwa imekaa pale kwenye A ikinisubiri tangu mtihani ulipotungwa. Nikachunguza machaguo mengine. B ni 18: ya yule atakayefika karibu na mwisho akasahau kutoa 5. D ni 23: ya yule atakayejumlisha 5 badala ya kuitoa. E ni 37: ya yule atakayegawanya kwanza vizuri, akajumlisha 12, ndipo akazidisha. Machaguo matano, moja la haki, manne mitego, na kila mtego umetegwa kwenye kichochoro ambacho watu hupita kweli. Paa hategewi hivyo.

Jioni ya pili tukaingia kwenye mafumbo, na hapo nikafanya kosa la kusoma kwa sauti. Fumbo la kwanza: bomba moja hujaza tangi kwa saa 3, jingine kwa saa 6, yakifunguliwa pamoja tangi litajaa kwa saa ngapi? Kwa saa moja la kwanza hujaza theluthi, la pili sudusi, pamoja nusu. Kwa hiyo saa 2. Mama watoto akaweka ndoo chini.

"Waulize hilo bomba liko kijiji gani, tuhamie."

Anayeijua Handeni na maji yake hatamlaumu.

Fumbo la pili: mfanyabiashara alinunua machungwa 200 kwa shilingi 10,000. Machungwa 20 yakaoza. Yaliyobaki akauza shilingi 80 kila moja. Tafuta faida yake kwa asilimia. Nikakokotoa: 180 mara 80 ni 14,400, ondoa 10,000, faida ni 4,400. Mpaka hapo nilikuwa mtu. Kisha nikachukua 4,400 nikagawanya kwa 14,400, nikapata thelathini na vipande visivyokwisha, nikaanza kumtuhumu mwandishi.

Mama yangu, ambaye alikuwa kwenye mkeka akipukuchua mahindi, akauliza mtu huyo nauli ya machungwa amelipa nani, na ushuru je? Nikamwambia, "Mama, kwenye hesabu hakuna ushuru." Akasema basi hiyo si biashara, ni hadithi. Halafu akasema, bila kuacha kupukuchua:

"Elfu kumi imezaa elfu nne na mia nne. Basi kila mia imezaa arobaini na nne. Kuna nini hapo cha kukufanya ukune kichwa?"

Tukafungua ukurasa. Asilimia 44. Mwanamke ambaye daftari lake la mwisho liliisha enzi za ukoloni ndiye aliyekumbuka kwamba asilimia maana yake ni kwa kila mia, na kwamba mia yenyewe ni ile uliyotoka nayo mfukoni, siyo uliyorudi nayo. Tulipofika kwenye fumbo la debe sita kwenye gunia, akauliza wanasema debe la kuuzia au la kununulia, maana la kununulia huwa limefumuliwa matako. Nikaahirisha kikao.

Kesho yake nikapeleka malalamiko kijiweni, kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye chaki bado haijamtoka vidoleni. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia mitego ile si uchawi. Tangu mwaka 2012, majibu ya darasa la saba yalipoanza kusilibwa kwa penseli ya HB kwenye fomu inayosomwa na mashine, kazi kubwa ya mtunzi ni kujua watoto wanakosea wapi. Akanifungulia kwenye simu yake taarifa ya Baraza la Mitihani, ile ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambayo kila mzazi anaweza kuisoma bure. Swali kwa swali, wanaeleza wangapi walichagua A, wangapi B, na waliochagua B walichanganya nini na nini. Mengine yana picha kabisa ya kazi ya mtoto aliyepata na kazi ya mtoto aliyekosa. Nikasoma kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kumhusu. Makosa yangu yote yalikuwemo, yamepangwa kwa asilimia.

"Sasa hiki kitini nikitupe?" nikamuuliza.

"Usitupe. Mnakitumia vibaya."

Akaniambia njia zilizokwisha kufanywa zina kazi yake. Wataalamu wawili wa Australia, John Sweller na Graham Cooper, waliandika mwaka 1985 kwamba anayeanza aljebra hujifunza vizuri zaidi kwa kusoma mifano iliyofanywa kuliko kwa kutupiwa maswali matupu ahangaike. Lakini hiyo ni kwa anayeanza. Mtoto akishapata mwanga ukaendelea kumwekea njia mbele ya macho, umemfanya mtalii.

"Funika njia kwa daftari," akasema. "Afanye mwenyewe. Akikwama, mfunulie mstari mmoja tu, funika tena. Akikosa, asifute. Aandike pembeni amekosea wapi."

Pia akanikumbusha kwamba mtihani wa siku hizi una maswali machache ya mwisho ambayo hayana A wala E. Mtoto anatakiwa kuonyesha njia. Kwenye kusiliba unaweza kubahatisha ukaokota moja kati ya tano. Penye njia huokoti kitu. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi, nami sasa najua walikuwa wanasahihisha hesabu: anayenakili huandika swali, anaruka, anatua kwenye jibu.

Basi tukaanza upya. Wiki ya kwanza ilikuwa ya machozi, maana aliyekuwa akimaliza mwaka mzima kwa jioni moja sasa alikuwa akimaliza maswali manne. Nilivumilia. Yangu ilikuwa kazi nyepesi, kushika daftari na kulisogeza chini mstari mmoja mmoja, kama anayefungua pazia la mwali.

Siku moja tukafika kwenye duara lenye rediasi ya sentimita 7. Tafuta eneo lake, tumia pai 22/7. Binti akafanya, akaandika 154. Nikafunua. Kitini kikasema: mbili mara 22/7 mara 7, jibu ni 44.

"Umekosa," nikasema.

Akaangalia kitini, akaangalia kazi yake. "Baba, kitabu kimekosea. Hiyo 44 ni mzingo. Hapa wametaka eneo."

Nikamweleza kwamba kitabu hakikosei, kimechapwa. Nimekinunua kwa pesa, Korogwe. Hakunijibu. Akachukua bikari, akachora duara lile kwenye karatasi, rediasi sentimita 7 kwa rula. Kisha katikati yake akachora mraba wa sentimita 7 kila upande. Mraba ukaingia wote, na pembeni nafasi ikabaki tele.

"Mraba huu eneo lake ni 49," akasema. "Sasa duara linalouzunguka litakuwaje 44?"

Nimewahi kuzidiwa hoja katika maisha yangu, hasa na mama yake. Lakini kuzidiwa na mtoto aliyepiga goti sakafuni na penseli iliyochongwa kwa wembe, kwa mistari minne tu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Na nikakumbuka kwamba ukurasa ule alishaupita zamani, ile wiki ya kumaliza miaka mitano kwa siku tatu. Aliusoma, akaelewa alivyofanya, akaimeza 44 na kosa lake bila kutafuna.

Usiku huo, wote walipolala, nikachukua mtihani mmoja, nikafunika njia zote, nikajipa muda, nikaufanya kwa siri kwenye taa ya sola. Nikajisahihisha kwa haki. Katika alama 50 nilipata 19. C inaanza kwenye 21. Nikaficha karatasi chini ya godoro. Mama watoto aliikuta akitandika. Hakusema neno, jioni yake nikaiona imefungiwa karanga, na ile 19 imeelekezwa nje.

Kwa hiyo, ndugu mzazi mwenzangu wa Misima, Sindeni na kokote barabara hii inakopita: ukinunua kitini chenye njia, nunua na karatasi ya kuzifunikia. Usimsifu mtoto kwa kurasa alizozipita, mwombe swali moja, kitini kikiwa kimefungwa. Na ukimwambia "lete nikuonyeshe", kwanza hakikisha mama yako hayupo kwenye mkeka.

Kile kitini bado tunacho. Kwenye lile duara binti ameikata 44 kwa kalamu ya wino na kuandika 154, na pembeni, kama alivyoagizwa, amekosea wapi: "Mwandishi. Na Baba."